Kutoka Arusha au Moshi hadi shahada ya Kichina: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza Kidato cha Sita au anayekaribia kumaliza. Yuko Sakina, Ngaramtoni, Himo au Marangu, na anawaza kusoma Kichina chuo kikuu. Ni wa mzazi wake pia, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa ada. Nimeuandika kwa kuwa naona vijana wenye akili nzuri wakichagua Kichina kwa kufuata upepo, na wengine wenye sikio zuri wakikiacha kwa sababu hakuna aliyewaeleza kinasomwaje. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ile ya pili, hizo nyingine zitakugharimu.

Hatua ya 1: Amua Kichina kitaambatana na kazi gani

Wengi wakisikia shahada ya Kichina huwaza ukalimani. Ukalimani upo na unalipa, lakini mkalimani anayejua lugha tupu hukwama mara mhandisi anapoanza kutaja nondo, zege na aina za udongo. Kampuni ya Kichina ikitaka mtu wa kuzungumza tu, inaweza kuja na wake. Wasiyeweza kuja naye ni mtu anayeijua lugha yao na wakati huohuo anaijua kazi ya hapa, watu wa hapa na taratibu za hapa.

Kwa bahati nzuri, huku kaskazini kazi za kuambatanisha zipo nyingi. Ya kwanza ni utalii. Mwaka 2024 ulikuwa Mwaka wa Utalii na Utamaduni kati ya China na Tanzania. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA kwenda Serengeti, Ngorongoro au kupanda Kilimanjaro huona tofauti kubwa kati ya mwongozaji anayesema "ni hao" na yule anayeweza kumweleza kwa lugha yake kwa nini nyumbu wanavuka mto, au dalili za ugonjwa wa kwenye mwinuko zikoje. Hilo la mwisho si la kupendeza wageni tu, linaokoa maisha.

Ya pili ni kilimo na biashara. Novemba 2022 Tanzania na China zilisaini makubaliano ya kuuza parachichi mbichi katika soko la China. Parachichi hizo zinalimwa Kilimanjaro na Arusha, kwenye vihamba na mashamba unayoyapita kila siku. Mtu anayesoma masharti ya mnunuzi kwa Kichina, akaelewa karantini ya mimea na makaratasi ya forodha, hawezi kukosa la kufanya. Hapa mpaka wa Namanga na ule wa Holili ni shule nzuri. Nenda ukaulize mawakala wa forodha wanashughulika na mizigo gani.

Ya tatu ni ujenzi. Kandarasi ya uwanja wa AFCON 2027 pale Olmoti, Arusha, ilichukuliwa na kampuni ya Kichina, na si kazi pekee ya aina hiyo nchini. Ya nne ni ualimu, kwa kuwa Kichina kimeingia kwenye baadhi ya shule zetu za sekondari.

Kabla ya kwenda hatua ya pili, tafuta mtu mmoja anayefanya kazi unayoiwaza. Kaa naye saa moja na umwulize siku yake inakwendaje. Ukiona kazi yenyewe haikuvutii, Kichina hakitaifanya ivutie.

Hatua ya 2: Jipime nyumbani kwa miezi mitatu

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Mtihani wa Kidato cha Sita hufanyika Mei, na masomo ya chuo huanza karibu na Oktoba au Novemba. Ukiitwa JKT, sehemu ya muda huo itakwenda huko. Uliobaki ni wako, na unatosha kujua kama unaweza kuishi na lugha hii miaka minne.

Anza na sikio. Kichina sanifu kina toni nne na silabi nyepesi isiyo na toni. Silabi *ma* ikibaki juu bila kutikisika (mā) ni mama. Ikipanda (má) ni mmea wa nyuzi. Ikikaa chini (mǎ) ni farasi. Ikidondoka ghafla (mà) ni kutukana. Herufi ni zilezile, na kinachobadilika ni mwendo wa sauti tu.

Sasa nikwambie jambo ambalo vijana wa kaskazini hawaambiwi. Kiswahili hakina toni, lakini Kichagga kinazo na Kimaasai kinazo. Katika Kimaasai toni ndiyo inayoonyesha nani katenda na nani katendewa. Kama ulikua ukimsikiliza bibi yako Machame, Kilema au Monduli, sikio lako limeshazoea kwamba mwinuko wa sauti hubeba maana. Usijifunze toni za Kichina kwa kupitia Kiswahili. Zipitie lugha ya nyumbani, na utashangaa utakavyozishika haraka.

Kiswahili kitakusumbua mahali pengine. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo huingia kwenye Kichina bila kubisha hodi. Chukua neno *lǎoshī*, yaani mwalimu. Silabi ya kwanza inakaa chini, ya pili inakaa juu. Msemaji wa Kiswahili huinua ya kwanza na kuishusha ya pili, na neno zima linageuka kichwa chini miguu juu. Dawa yake ni kujifunza maneno ya silabi mbili kama jozi tangu siku ya kwanza, badala ya kukariri silabi mojamoja.

Lipo pia suala la pumzi. Sauti zinazoandikwa *p*, *t*, *k* kwa pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini kama hizi zetu, hutoka na pumzi nyingi, na zile za *b*, *d*, *g* hutoka bila pumzi wala mngurumo wa kooni. Weka kipande chepesi cha karatasi mbele ya midomo. Ukisema *pà* kiruke, ukisema *bà* kitulie. Wenye asili ya pwani wanaipata tofauti hii mapema, sisi wa bara tunaifanyia mazoezi.

Utaratibu wa kila siku uwe hivi: sikiliza sentensi moja fupi, irudie, jirekodi kwa simu, kisha cheza rekodi yako na ya mwenye lugha kwa kufuatana. Nusu saa asubuhi inashinda saa tatu za Jumapili. Kamusi ya Pleco inapatikana bure kwenye simu, ina matamshi, na inakuruhusu kuandika herufi kwa kidole. Idhaa ya Kiswahili ya Redio China Kimataifa ilianza kutangaza mwaka 1961, na vipindi vyake vitakusaidia kuijua China kwa lugha unayoielewa wakati Kichina chako bado kichanga.

Ukishapata wiki tatu za sauti, ingia kwenye maandishi. Nunua daftari la hesabu la miraba, yale ya stesheneri yoyote mjini, ukaunganisha miraba minne kuwa chumba kimoja cha herufi. Andika kwa mkono. Najua simu inaandika yenyewe ukiingiza pinyin, lakini mkono unaifundisha kumbukumbu namna ambayo kidole kwenye kioo hakiwezi, na chuoni utatakiwa kuandika.

Usizikariri herufi kama picha. Sehemu kubwa ya herufi za Kichina zina pande mbili, mmoja unadokeza maana na mwingine unadokeza sauti. Tazama 妈, mama: kushoto kuna 女, mwanamke, na kulia kuna 马, farasi, aliyewekwa kwa ajili ya sauti yake *ma*. Ukiona vijitone vitatu 氵 upande wa kushoto, tarajia jambo la maji: 河 ni mto, 海 ni bahari, 湖 ni ziwa. Mwenye kujua vipande vya msingi kama hivyo mia moja hivi anaitazama herufi mpya na kukisia, wala haogopi. Herufi tano mpya kwa siku zinatosha. Ishirini kwa siku zinapendeza wiki ya kwanza, na wiki ya tatu huna hata moja.

Sarufi ndiyo sehemu nyepesi. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati, wala huna viambishi vya kupachika. Badala yake kuna maneno ya kuhesabia: vitabu vitatu ni *sān běn shū*, watu watatu ni *sān ge rén*, na kila aina ya kitu ina neno lake katikati. Sisi tunaosema watu watatu, vitabu vitatu na miti mitatu tumeshazoea kwamba nomino ina madai yake kwenye hesabu. Wazo halitakushtua, utabaki kujifunza orodha tu.

Mwisho wa miezi mitatu jiulize maswali mawili. Je, nilikuwa naketi kwenye daftari bila kusukumwa? Je, nikisikia toni mbili naweza kuzitofautisha bila kuona maandishi? Ukijibu hapana kwa la pili, ongeza mwezi, kwa kuwa masikio hufunguka kwa nyakati tofauti. Ukijibu hapana kwa la kwanza, tafadhali soma kitu kingine. Kozi hii inadai uandishi wa kila siku kwa miaka, na hakuna mhadhiri atakayeketi kwa niaba yako.

Hatua ya 3: Fanya HSK mapema

HSK ndio mtihani wa kimataifa wa Kichina kwa wageni. Kwa utaratibu uliotumika tangu 2010 una ngazi sita. Ngazi ya 1 inadai maneno 150, ya 2 maneno 300, ya 3 maneno 600, ya 4 maneno 1,200, ya 5 maneno 2,500 na ya 6 maneno 5,000. Mwaka 2021 China ilitangaza viwango vipya vya ngazi tisa, na mtihani wa ngazi 7 hadi 9 ulianza Novemba 2022, kwa hiyo uliza kituo chako wanatumia orodha ipi ya maneno kabla ya kununua kitabu.

Kwa utaratibu wa ngazi sita, ngazi ya 1 na ya 2 pinyin imeandikwa juu ya herufi. Ya 3 kwenda juu pinyin inaondoka, na hapo ndipo waliopuuza daftari la miraba huachwa. Alama kamili za ngazi ya 3 na kuendelea ni 300, na 180 ni ufaulu, ila wafadhili hutaka zaidi. Kuna mtihani wa pembeni wa kuzungumza unaoitwa HSKK. Kumbuka pia kwamba kwa maombi ya vyuo vya China matokeo ya HSK huhesabika miaka miwili tu. Usiufanye mapema kiasi kwamba utakwisha muda kabla hujautumia.

Mitihani huandaliwa na Taasisi za Confucius, yaani vituo vya kufundisha lugha na utamaduni wa Kichina, na kwetu zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, zote zilizofunguliwa 2013. Kutoka Arusha, Dodoma ni siku moja kwa basi kupitia Babati na Kondoa. Jisajili, lipa, ndipo ukate tiketi ya basi, na ulale huko usiku wa kuamkia mtihani. Sehemu ya kusikiliza haimsubiri mtu aliyefika na vumbi la barabarani.

Hatua ya 4: Chagua, ndani ya nchi au China

Njia ya ndani ni kuomba udahili hapa. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) cha mwaka husika, tafuta kozi zenye Kichina, na usome sifa zake neno kwa neno. Kiwango cha jumla cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1, lakini kozi huongeza masharti yake. UDSM imekuwa na shahada ya ualimu inayobeba Kichina na Kiingereza pamoja, na kwa anayetaka kufundisha naiona ni njia ya heshima. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, unaombwa kivyake, na dirisha lake lina tarehe zake.

Njia ya China ina milango miwili mikubwa ya ufadhili. Wa kwanza ni ufadhili wa Serikali ya China, unaojulikana kwa kifupi CSC. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe na umri chini ya miaka 25. Unalipiwa ada, malazi, bima ya afya na posho ya yuan 2,500 kwa mwezi. Shahada ya kwanza husomwa kwa Kichina, hivyo asiye na lugha huanza na mwaka mmoja wa maandalizi: waambie nyumbani miaka mitano, usiwaambie minne. Tiketi ya ndege usiihesabu mpaka uione imeandikwa kwenye barua.

Mlango wa pili ni ufadhili wa walimu wa Kichina wa kimataifa, uliokuwa ukiitwa ufadhili wa Taasisi ya Confucius. Huu ni wa wanaosomea kufundisha Kichina, au kwenda muhula mmoja au mwaka mmoja wa lugha tu. Unadai HSK, na kwa shahada ya kwanza imekuwa ngazi ya 4. Mapendekezo hutoka kwenye taasisi kama hizo za Dar na Dodoma, kwa hiyo aliyejulikana kwa kuhudhuria ana nafasi kuliko anayetokea mara moja akiwa na fomu.

Zingatia kalenda. Maombi ya CSC kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mengi hufungwa kufikia Machi au Aprili. Matokeo ya Kidato cha Sita hutoka Julai, na China huanza masomo Septemba. Maana yake, aliyemaliza Mei mwaka huu mara nyingi ataomba msimu unaofuata. Huo si mwaka uliopotea. Ni miezi ya kutoka kwenye toni nne hadi HSK 3, na kijana wa miaka 19 au 20 bado yuko mbali na kikomo cha 25.

Maoni yangu: ukiweza, anza hapa nyumbani, kisha tafuta mwaka mmoja wa China katikati. Utabaki na mtandao wa watu wa hapa, ambao ndio wenye kazi za hatua ya kwanza. Lakini ukipata ufadhili kamili wa miaka mitano, usiuache kwa sababu ya maoni yangu.

Hatua ya 5: Makaratasi

Pasipoti ianze kwanza, Uhamiaji Arusha au Moshi, ukiwa na cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Andaa vyeti na matokeo yaliyothibitishwa, barua mbili za walimu, cheti cha tabia njema kutoka Polisi, na fomu ya uchunguzi wa afya ya wageni ambayo hospitali huijaza na kugonga mhuri. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye kila karatasi. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, la ukoo na la babu, na kila ofisi imechukua mawili tofauti.

Ukikubaliwa, chuo kinakutumia barua ya udahili na fomu ya viza: JW201 kwa mwenye ufadhili wa serikali, JW202 kwa wengine. Viza ya masomo ya zaidi ya siku 180 ni X1. Ukifika una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Kazi za nje ya chuo haziruhusiwi bila idhini, hivyo usipange kulipia maisha kwa vibarua.

Wakala akikwambia ana "nafasi ya CSC" kwa malipo, ondoka. Maombi hujazwa na mwombaji mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya Campus China, na matangazo ya nafasi za nchi hupitia Wizara ya Elimu.

Hatua ya 6: Zungumza na nyumbani

Fanya hivi baada ya miezi mitatu ya daftari, ukiwa na kitu cha kuonyesha. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako ananiambia habari za Kichina. Utakula herufi?"

"Hapana baba. Nataka kusimamia mauzo ya parachichi kwenda kwao. Nimeongea na wakala wa Holili, na hili ni daftari langu la miezi mitatu."

Mzazi wa Kichagga au wa Kimeru akiona daftari lililojaa na hesabu iliyoandikwa, maswali yake hubadilika. Hesabu iwe na nauli za Dodoma au Dar, ada ya HSK, pasipoti, viza, na akiba ya mwezi wa kwanza kabla posho haijaingia. Mjomba au shangazi atakayesaidia apewe nakala. Wakati huohuo wawekee WeChat kwenye simu zao, kwa sababu WhatsApp imefungwa China, na akaunti mpya ya WeChat mara nyingi hudai kuthibitishwa na mtumiaji wa zamani. China iko mbele yetu saa tano. Saa mbili usiku Moshi, kule ni saa saba usiku.

Hatua ya 7: Mwaka wa kwanza darasani

Tegemea vipindi tofauti vya kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika herufi, kila kimoja na mwalimu wake. Miaka ya mbele huja fasihi, historia, tafsiri, na Kichina cha kale, ambacho hata Wachina wenyewe hukitolea jasho shuleni.

Kaa mstari wa mbele, si kwa ajili ya kuonekana, bali ili uone mdomo wa mwalimu. Tafuta mwanafunzi wa Kichina anayejifunza Kiswahili. Wapo Dar, na China pia kuna vyuo vinavyokifundisha. Mpe saa moja ya Kiswahili, akupe saa moja ya Kichina, na kila mmoja asahihishe bila aibu. Likizo rudi kaskazini ukafanye mazoezi kwenye ile kazi uliyoichagua: ofisi ya utalii, ghala la parachichi, shule. Tengeneza faharasa yako ya maneno ya kazi hiyo kwa safu tatu, Kiswahili, pinyin na herufi, ukiongeza kila wiki.

Na kama shahada umeichukulia China, ukirudi peleka vyeti TCU vitambuliwe kabla hujaanza kuomba kazi, pamoja na nakala ya matokeo ya kila mwaka yenye mhuri wa chuo. Mhuri huo uombe ukiwa bado kule.